Nne Toa Moja

Kazi yangu ilikuwa gizani, chumba namba tisa,
hospitali ile ya upande wa Barabara ya Ngong:
taa nyekundu, mabeseni matatu, harufu ya siki.
Waliniita Popo. Niliitika.

Aliyetaka kupigwa picha ya nyongo
nilimpa bahasha jioni ya kuamkia siku yake:
vidonge sita, ameze kimoja kimoja,
asiguse mafuta wala yai, aje na njaa.
Vilibeba iodini, na iodini huukinga mwanga wa eksirei,
basi kifuko cha nyongo kikajitokeza kwenye filamu
cheupe, mfano wa peasi la Limuru.
Jina la dawa lilikuwa refu kama treni ya mizigo.
Niliandika tu "vya nyongo", tukaelewana.

Mwaka mvua ya Aprili ilipochelewa
Daktari Syombua alishuka ngazi, mikono ya koti imekunjwa.
"Popo, una vidonge vingapi?"
Nikauliza, nyongo ya nani.
"Si nyongo. Ni shingo."

Shingo ilikuwa ya Kerubo, fundi cherehani wa Jericho,
mshonaji wa sare za shule. Macho yamemtoka
kama mtu aliyeitwa ghafla asijue na nani.
Tangu Januari uzi umekataa tundu la sindano.
Moyo mia na arobaini, naye amekaa tu kwenye benchi.
Dawa za kawaida zilimletea homa, zikaachwa.
Kisu kilihitajika, lakini kumpasua mtu anayewaka hivyo
ni kumwaga maji kwenye karai la mafuta.

Daktari akaokota filamu iliyoharibika,
akachora kwa kalamu ya nta.
Tezi hutoa homoni yenye chembe nne za iodini:
huo ni mzigo wa ghalani, umelala.
Mwili ukitaka moto, hung'oa chembe moja.
"Nne toa moja," nikasema, "halafu nguvu inazidi?"
"Inazidi."
Nilisomea hesabu Shauri Moyo, chini ya bakora.
Hakuna siku niliyoambiwa
kuna kutoa kunakoongeza.

Na vidonge vyangu, vilivyoletwa kwa ajili ya picha,
huushika ule mkono unaong'oa.
Nne ikabaki nne.
Hakuna aliyevitengenezea kazi hiyo;
ni kama kutafuta ufunguo uvunguni ukakuta hereni.

"Lakini ni siku kumi hivi," akaonya.
"Baadaye mwili hujifunza kupitia uani,
na iodini yote hiyo inageuka kuni."

Viwili kwa siku. Nikahesabu: kumi na tisa.
Cha ishirini nilikikuta nyuma ya droo, kimekatika.
Nikakifunga na karatasi, vipande vyote viwili.

Siku ya nne, moyo tisini na sita.
Siku ya sita aliomba sindano.
Nilipanda wodini kuona kwa macho yangu:
uzi uliingia mara ya tatu, si ya kwanza,
akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeushika.
Siku ya saba mtambo wa kuchemshia vyombo ukafa.
Ya nane, fundi wa mtambo ana msiba Machakos.
Ya tisa, saa mbili asubuhi, wakampasua.

Aliishi. Alinishonea suruali, mguu mmoja mfupi kidogo.

Juzi, duka la dawa Ngara, nilimtajia kijana lile jina refu.
Akaandika, akafuta, akaandika tena.
"Mzee, hakuna kitu kama hicho."
Nyongo siku hizi hutazamwa kwa mawimbi ya sauti,
mgonjwa hamezi chochote.

Ile filamu ninayo bado, Umoja, nyuma ya kabati.
Nikiiinua dirishani naiona nta:
nne, alama ya kutoa, moja.
Na nyuma ya hesabu, cheupe, kimya,
kifuko cha nyongo cha mtu
ambaye sikumbuki kama alirudi kuchukua majibu.