Mikrovolti Kumi na Mbili

Leida Kuusk, miaka thelathini na sita
kati ya mitambo ya kufumia nguo, Narva,
alibakiwa na sauti nzito tu:
viatu vya jirani wa ghorofa ya juu.
"Hivyo msiniibie," alisema, kabla ya nusukaputi.

Sasa amelala. Theluji imeziba dirisha la Tartu.
Namtumia mlio, tu, tu, mzito kama kisigino,
na konokono wa sikio, gizani mwake, anajibu kwa umeme:
kiwimbi kwenye skrini, mikrovolti kumi na mbili.

Sikio la kufa halisikii dawa, hunena waliokata tamaa.
Hili lasikia, na mwenyewe hana habari.

Daktari Rebane anasukuma waya. Milimita kumi na nane.
Kumi na tisa.
Kiwimbi kinainama.
Saba.
Tatu.
"Simama!" Sauti yangu, sikuijua.
Anarudi nyuma nusu milimita. Tunangoja.
Hakuna apumuaye ila mashine.

Nne.

Tisa. Na hapo ikatua.

Nesi aliuliza ni saa ngapi. Tukafunga jeraha.
Tatu zimekwenda, Leida,
wala sijui ni hatua zipi za jirani yako.