Sailensa

Gari letu ni la Kirusi, rangi ya majivu,
umri wake unanizidi miaka minne,
na hapa Kochkor watu huliita Boflo
kwa sura yake: mkate juu ya magurudumu.
Humo nabeba mikate. Kalicha huanza kuoka saa tisa usiku,
ya mviringo, yenye mhuri wa nyota katikati,
nami huifikisha madukani kabla shule hazijafunguliwa.

Februari likaanza kigugumizi.
Barabarani, mguu ukikanyaga mafuta, halina kasoro.
Likisimama tu mbele ya duka la Burul,
likiachwa lingurume lenyewe kwa sailensa,
linashuka, linashtuka, linapanda bila kuombwa,
du-dudu, du, dududu,
kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.
Kisha kimya. Na Burul mlangoni, mkate kwapani:
"Kubat, punda wako kalala tena."

Injini ya Boflo hukaa ndani, kati ya viti viwili,
chini ya kifuniko nilichokivika blanketi.
Ukikifunua ni kama kufunua kifua cha mgonjwa
uliyeketi naye meza moja.

Nilianza na plagi, kama kila mtu.
Tatu zina rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri,
ya nne imepauka kama mfupa.
Niliiona. Nikaipuuza.
Nikazisugua zote kwa msasa, nikazirudisha.
Nikabadilisha waya, na kofia ya distributa.
Nikafungua kabureta juu ya gazeti,
nikapuliza vitundu vyake hadi midomo ikanuka petroli,
Kalicha akahamisha kikombe chake upande wa pili.
Mwishowe nikapandisha sailensa kwa skrubu,
na siku mbili gari likapiga kelele zilizofunika ugonjwa.

Ndipo nikampata mkosaji:
Torobek wa kituo cha petroli.
Nilisema dukani. Nikasema arusini kwa mpwa wa Burul,
mbele ya sinia la nyama:
"Anatuuzia theluji iliyoyeyuka."
Watu wakacheka. Neno halina breki.

Jumapili usiku, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nikakata kipande cha mpira wa maji,
ncha moja sikioni, nyingine ikitembea juu ya chuma.
Pampu: tiki-tiki. Haya.
Bomba la breki: kimya.
Chini ya kabureta: kimya.
Kisha pale manifodi inaposhikana na injini,
nyuma kabisa, silinda ya nne,
sssss,
nyembamba, kama mtu anayefyonza chai ya moto.
Nikapaka povu la sabuni kwa brashi.
Halikuvimba. Lilimezwa.
Na kwa pumzi tatu injini ikatulia,
hadi povu likaisha, kigugumizi kikarudi.

Gari lilikuwa linaiba hewa,
na mlango wa wizi niliukata mimi.
Oktoba, gasketi ilipokosekana Naryn nzima,
niliichora kwa penseli kwenye kasha la viatu vya mwanangu,
nikaikata kwa mkasi wa Kalicha, nikajisifu wiki nzima.
Sasa nikaibandua. Kwenye silinda ya nne imekauka, imepasuka,
na bado inasomeka: namba thelathini na tatu.

Karatasi ya gasketi ya kweli ilikuja na basi la Bishkek Alhamisi.
Nikakaza nati kuanzia katikati kwenda nje,
kidogo hii, kidogo ile, hakuna kukamia.
Likawaka. Nikatoa mguu.
Likanguruma kama mtu anayewaza mambo yake.
Chai niliyoiweka juu ya kifuniko
ilichora duara moja dogo, basi.

Asubuhi nikaenda kwa Torobek na mikate sita.
Sikuzima injini. Nilitaka aisikie.
Akaja na mpira wa petroli, glavu zimetoboka vidole,
akasimama, akasikiliza kupita kiasi.
"Limepona."
"Lilikuwa linavuta hewa. Gasketi. Niliikata mwenyewe."
Akaitazama mikate. Akaitazama milima.
"Zima kwanza," akasema.
"Hii ni petroli, Kubat. Si theluji."

Nikazima.