Mtoto wa Meza

Damari Chilongani aliileta Kibaigwa juu ya guta,
meza imefungwa kamba ya katani,
kichwa cha cherehani kimeviringishwa kitenge
kama mgonjwa anayepelekwa Mvumi.
"Ipendeze tu, fundi. Mjukuu anaolewa mwezi wa kumi."

Nilianza chini, kama nilivyofundishwa.
Miguu ya chuma: mizima, kutu ya juu juu.
Pedali: nzima. Kijiti kinachoivuta hadi kwenye gurudumu
si cha kiwandani, ni mpini wa jembe
uliochongwa na mtu asiye na haraka.
Nikakiacha.

Juu, gamba la mbao limebanduka,
limejikunja kama ganda la karanga.
Huku kwetu upepo wa Agosti
hunywa hata maji ya mti uliokufa zamani.
Nikapenyeza gundi kwa unyoya wa kuku,
nikalaza gazeti, ubao, ndoo ya mchanga,
nikamwonya Lameki asiikalie.
Bawaba ya kifuniko: skrubu mbili zake, ya tatu msumari.
Mbao yenyewe mwaloni,
mti ambao wengi wetu tumeuona kwenye Biblia tu.

Kisha droo, ambazo babangu aliziita watoto wa meza.
Kulia wawili:
pembeni meno ya mbao yameumana, matano kwa matano,
na chini ya tumbo, kwa penseli ya mtu wa mbali, 41, 41.
Kushoto, wa juu, 41.
Wa chini, 17.
Meno manne. Wekundu kidogo.
Ubavu wake unang'aa
kwa miaka ya kusukumwa aingie kwa nguvu.

Kitanda hakizai haramu, walisema wahenga.
Meza hawakuitaja.

Nikashika randa. Milimita mbili tu, angepita.
Ila ndani mlikuwa na bobini ya uzi wa zambarau
na mwandiko uliolalia kushoto, juu ya mbao yenyewe:
*Kifua 36. Kiuno 28. Deni shilingi nne.*

Nikampigia Damari.
Alinyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
"Huyo ni wa Keziya," alisema.
"Tulishona baraza moja, mimi mlango huu, yeye ule.
Mwaka wa unga wa yanga
kichwa cha cherehani yake kilikwenda Manyoni
kwa debe tatu za mtama.
Meza aliipasua mwenyewe, akapikia.
Huyo mmoja aliniletea usiku,
maana wangu alikuwa ameliwa na mchwa.
Nikamwambia nitakulipa mavuno.
Mavuno yalipokuja
alikuwa keshahamia Singida kwa kaka yake."
Halafu, kwa sauti nyingine kabisa:
"Fundi, umeshamkwangua?"

Bado.

Nikairudisha randa msumarini.
Nikang'oa reli ya kushoto, nikachonga nyingine ya mninga,
nyembamba kwa milimita mbili,
nikaipaka nta, nikajaribu, nikachonga tena.

Akaingia.
Si kimya kama wenzake;
karibu na mwisho anakohoa kidogo,
kama mtu anayebisha hodi nyumba anayoijua.

Kwenye risiti niliandika: gamba, bawaba, reli moja.
Lameki, kitambaa cha vanishi mkononi, akauliza:
"Na huku chini nisugue?"
Sugua, nikamwambia.
Ila hiyo kumi na saba iache.