Makosa Ambayo Urari Haufichui

Matokeo yalitoka Ijumaa, saa kumi kasorobo,
nikiwa Isevya, kwenye foleni ya kusaga mahindi.
Namba yangu ya mtahiniwa, halafu neno moja: amefaulu.
Mwenye mashine akauliza, "Debe ngapi?"
Nikamjibu, "Miaka saba."

Saba, ndiyo. Kodi ilinirudisha mara tatu,
Ukaguzi mara moja, kwa upungufu wa alama mbili.
Kila Mei na kila Novemba nilipanda treni kwenda Dodoma,
kikokotoo ndani ya soksi, kisivunjike,
matobolwa ya mama ndani ya kitambaa,
nikitafuna taratibu, nikinong'ona viwango vya kodi,
mpaka abiria wa pembeni akadhani nasali
akaitikia amina.

Mwaka wa nne Kalunde, mke wangu, aliuza cherehani.
Hakusema kitu. Aliandika tu ukutani, kwa mkaa:
"Cherehani. Mkopo kwa Mihayo."
Bado ipo. Tulipopaka chokaa tuliizunguka.

Kuna mada moja ya mwanzo kabisa,
hata mwanafunzi wa ngazi ya cheti anaijua:
makosa ambayo urari haufichui.
Debiti imesimama, krediti imesimama,
jumla zinatazamana kama mapacha,
na humo ndani mtu ameibiwa.

Usiku wa pongezi, wageni walipokwisha kuondoka,
nilishusha darini madaftari ya chama cha msingi,
msimu wangu wa kwanza wa ukarani, Ulyankulu,
kijana wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni.
Sijui nilitafuta nini. Labda kujicheka.
Ukurasa wa thelathini na tisa.
Hati ya stoo inasema: Nyamizi Lutema, mbolea, mifuko sita.
Leja yangu inasema: Nyamizi Lutego.

Herufi mbili.

Urari ule ulikubali. Mwenyekiti alinisifu mbele ya mkutano.
Nakumbuka Lutego alikuja dirishani, vumbi la tumbaku kwenye nyusi,
akasema, "Mwanangu, mimi mbolea sikuchukua,"
nami nikamgeuzia daftari, nikagonga jumla kwa kalamu:
"Mama, hesabu zimekubali."
Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tunavyofundishana.
Ya kwake iliisha na daftari, na habari, na muhuri.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi.
Bani lake la tumbaku limebaki kuta mbili; siku hizi analima karanga.
Hakunipa kiti. Nikaeleza nimesimama:
jina jirani, herufi mbili,
mifuko sita kwa bei ya msimu ule,
na bahasha hii.
Akahesabu. Akahesabu tena.
"Shilingi ya mwaka ule," akasema, "ndiyo shilingi ya leo?"

Swali lile lile. Karatasi ya Fedha, swali la nne,
alama ishirini. Nililijibu kwa kurasa tatu na jedwali.
Pale uani nilikuwa na jasho tu.

"Na hicho cheti chako kimekula kiasi gani?"
Nikataja: ada, vitabu, nauli, cherehani.
Akacheka, si kwa ubaya, si kwa wema.
"Basi na mimi niandike. Nimo kwenye ada."

Jioni nilikaa stendi nikipiga hesabu ya riba,
kikokotoo juu ya goti, basi la mwisho likipiga honi.
Miaka kumi na moja. Kwa kiwango gani? Cha benki,
au cha binti yake, ambaye mwaka ule
sare ilishonwa na shule hakwenda?

Nimeweka tarakimu. Nimeiweka kwa penseli.