Maji Yanahesabu

Kipimajoto ni kimoja, wanafunzi arobaini na sita.
Nilikivika soksi, nikapanda nacho pikipiki toka Birere hadi Ndosho,
nimekishika kama yai la kuku wa jirani.

Maji yakatokota kwenye sufuria, yakachafuka,
na zebaki ikafika tisini na tano,
ikagoma.
Kahambu, anayekalia tofali kwa kuwa dawati lake liligeuka kuni,
akasema: Mwalimu, kitabu kinasema mia.
Muliri akasema: umeuziwa feki.
Nikawaambia kitabu kiliandikwa chini, kando ya bahari,
huko hewa inayalalia maji kama godoro la pamba.
Sisi tuko juu. Hewa yetu ni shuka,
na maji ya Goma hayahitaji hasira nyingi ili yaondoke.

Kisha chumvi.
Povu likaruka, halafu sufuria ikanyamaza.
Makala yale yale, moto ule ule,
ila maji yamepata wa kuyashika shati mlangoni.
Vijiko vitatu vikubwa kwa lita moja,
mchuzi ambao hata mwenye njaa angeutema,
na zebaki ikapanda digrii moja.
Moja tu!
Walitarajia muujiza. Nami pia, nakiri.

Mama yangu, Kavugho, huwahi kutia chumvi kwenye maharage,
eti maji yapate ukali.
Nikamweleza kuwa chumvi huyachelewesha kuchemka.
Akafunika sufuria.
"Yaambie maharage hayo. Mimi sikusoma, nayo yanaiva."

Na Masika wa ng'ambo ya barabara, muuza barafu za vifuko,
alizidisha sukari wateja wampende.
Usiku huo umeme haukukatika, ajabu ya Mungu,
lakini asubuhi vifuko vikamlegea mkononi kama sambaza.
Akadhani amerogwa.
Nikasema: maji yakitaka kuganda hutafutana gizani,
mkono kwa mkono, yajipange safu;
sasa kila yakinyoosha mkono yanamgusa mgeni.
Masika akanitazama.
"Na huyo mgeni, hasara yangu atalipa lini?"

Liko jambo ambalo darasani nililiandika ubaoni haraka,
nikalifuta haraka.
Maji hayaulizi ni nini kilichoyeyuka ndani yao.
Hayaulizi utamu wala ukali.
Yanahesabu.
Chembe ya chumvi huachana vipande viwili, ikahesabiwa wawili.
Sukari huzama nzima, ikahesabiwa mmoja.
Basi.

Hesabu hiyo niliijua kabla sijaisoma.
Tulipofika kutoka Kiwanja, juu ya yale mawe meusi ya mlima,
karani wa kambi hakuuliza nani alikuwa fundi cherehani,
nani ameacha ndizi zikiiva shambani,
nani anaota kwa lugha gani.
Alisema: Wangapi?
Mama akajibu: Watano.
Karani akatupitia kwa ncha ya kalamu, kichwa kwa kichwa,
akaandika nne.
Mama hakubisha. Alitazama barabara tuliyotoka,
kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Kengele ikalia. Nikasahau kuondoa makala,
na niliporudi maji yalikwisha,
sufuria imekauka, chini yake ukoko mweupe
ukipasuka polepole, tii, tii.
Kahambu alikuwa amechuchumaa mbele yake, peke yake.
"Mwalimu, ile chumvi imerudi."
Sikuwa na la kuongeza.
Akauliza kama naihitaji.
Kwao, alisema, imekwisha tangu Jumapili.
Akaikwangua kwa rula,
akaifunga kwenye karatasi ya daftari,
ile aliyoandika mia
kisha akaikata.