Acha Mkia

Nyuma ya soko la Luanda, upande wa reli,
altaneta ya lori la mchanga imelazwa juu ya gunia,
tumbo wazi,
na mwenyewe anauliza kila baada ya dakika tano
kama itakuwa tayari kabla ya mvua.

Fundi Angatia hamjibu.
Ananipa mimi miwani yake ya zamani, ile ya jicho moja.
"Kageha, tazama hapo. Unaona nati?"
Sioni nati, sioni skrubu.
Naona shaba imemezwa na lehemu,
lehemu imeshika kama ukoko wa sufuria.
"Waliofunga hapo," asema,
"hawakudhani kuna siku kitu kitaharibika."

Wiki yangu ya kwanza nilivuta.
Nilivuta kwa koleo, kwa hasira, kidogo tu nivute kwa meno.
Waya ukatoka na kipande cha diodi,
na diodi yenyewe ilikuwa nzima.
Alinikata mia mbili. Hakupiga kelele.
Alisema: kilichounganishwa kwa moto
hakiachani kwa mabavu.

Basi leo nangoja.
Stima imepotea tangu asubuhi, chuma kinachomwa jikoni,
kando ya chai.
Nakipangusa kwa kitambaa chenye maji: tsss.
Nagusa. Hakuna kitu.
Nagusa tena, nahesabu hadi nne,
mara lehemu inashtuka, inang'aa
kama jicho la mtu aliyeitwa jina lake la utotoni,
na waya unaondoka wenyewe.

Mmoja. Wa pili.
Wa tatu unakataa. Huu haukulehemiwa;
ulibanwa kwa mashine, ukasagwa na kikombe chake
hadi hujui kipi ni kipi.
"Huo kata. Lakini wapi?"
Naweka koleo katikati.
Anatikisa kichwa, anausukuma mkono wangu
mpaka makali yanakwaruza shingo ya kiungo.
"Hapo. Acha mkia.
Kuna mtu atakuja kuunga, pengine wewe mwenyewe.
Ukikata mfupi, ataunga nini?"

Juu ya mlango wetu kuna kibao: ANGATIA NA
kisha rangi ya kijani, mpako mmoja, wa haraka.
Jua likipiga kwa ubavu, Okwemba husomeka bado,
nduguye, aliyehamia Yala na nusu ya spana.
Mimi sikuwepo.
Sijui ni nani aliyekata, wala alikata wapi.

Saa tisa kasorobo lori linanguruma.
Taa nyekundu ya betri inazimika kwenye dashibodi.
Mwenyewe analipa, anapunguza hamsini,
eti ni ya kungoja.
Fundi anazihesabu noti mara mbili, ananirushia mia.
Matone ya kwanza yanagonga bati,
yanagonga kibao,
yanateremka juu ya ile NA
ambayo brashi iliikaribia, ikaiacha.