Boga Halina Kidari

Nililinunua Mbuyuni, Jumanne,
kabla mabasi ya Dar hayajaanza kumwaga watu na masanduku yao.
Muuzaji aliligonga kwa kidole cha pete, likaitika
kama mlango wa nyumba ambayo mtu yumo.
Nikalipakata ubavuni, njia nzima hadi Uru,
kama nilivyompakata Aikande
siku zile alipokataa mgongo.

Anakuja, mwanangu. Ujumbe wake una maneno manne:
*Mama, bado sili nyama.*

Miaka kumi na mitatu, tangu Krismasi ile
walipompindua Kiravu shingo kando ya mfongo.
Jina alimpa yeye. Majani alimkatia yeye.
Hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya banda hadi giza,
na sahani yake nikaifunika kwa sahani nyingine,
na asubuhi niliikuta bado imefunikwa.

Tangu hapo, kila sikukuu, wali mkavu na kachumbari,
pembeni, kama mgonjwa.
Mwaka huu hapana.

Nakata kifuniko kwa mshazari
kisije kikadumbukia ndani likilainika.
Nachota utumbo wake wa nyuzi za njano,
mbegu naziweka kwenye ungo, juu ya paa, kuku wasizione.
Chumvi naipaka kuta zote kwa kiganja,
kama fundi anayepiga lipu chumba cha mgeni.

Kisha mchele wa Mabogini
(jina lenyewe linacheka: kutoka Mabogini kuingia bogani),
njugu mawe zilizolala majini tangu jana,
karanga za kuponda, si za kusaga,
mnavu kidogo kwa ajili ya uchungu wake,
tangawizi, iliki mbili,
na ndizi mshare moja, mbivu, ambayo sitamwambia mtu.
Sishindilii. Wali unataka nafasi ya kuvimba,
na mimi nimekaa na mawifi, najua.

Jani la mgomba chini, jani juu,
makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Mama mkwe akapita na mkongojo, akanusa.
"Hiyo ni dawa ya nini?"
"Ni chakula, mama."
"Cha nani?"
Nilitaka kusema cha Aikande.
Nikasema, "Cha nyumba."
Akaenda zake bila kuguna, jambo ambalo si kawaida yake.

Saa nane, mezani, kati ya mtori na mbavu,
boga likaketi, limevaa kofia yake, linatoa mvuke.
Hakuna aliyenyoosha mkono.
Kwetu hakiliwi kitu ambacho mgawaji hajakikata.

Akaitwa shemeji Anaeli.
Ana duka la vipuri Ilala, lakini kila Desemba
kisu cha marehemu baba yake humrudia mkononi.
Mbuzi anaweza kumtenganisha umeme ukiwa umekatika,
na kila kipande kitajua kinakwenda kwa nani.
Akalizunguka boga. Akalizunguka tena.
"Kidari chake kiko wapi?"

Tulicheka. Yeye hakuwa anatania.
Jasho lilimtoka puani.
Akainua kile kifuniko na kikonyo chake kilichopinda,
akakitazama upande huu, upande ule,
akaamua kuwa ni kichwa,
akampa mama yake kwa mikono miwili.

Halafu akafuata mifereji ya ganda, mmoja mmoja,
na kipande kilichofuata kikabaki hewani kwenye ncha ya kisu
muda mrefu kidogo.
"Wewe," akamwambia Aikande. "Leta sahani."

Usiku naosha vyombo. Sahani yake iko wazi,
ganda limekwanguliwa hadi linapitisha mwanga wa balbu.
Nyuma yangu, gizani, mkongojo unagonga sakafu.
"Zile mbegu za juu ya paa," mama mkwe anasema,
"usije ukazikaanga zote."